Ethanoli katika magari ya tabo: hesabu za mwenye gari wa Dar es Salaam

Kaskazi inapovuma Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, injini za tabo (turbo) ndizo za kwanza kulalamika. Gari lililokuwa likivuta vizuri mwezi Julai linakuwa zito kwenye kilima, kompyuta inarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa cheche, na fundi mwenye kifaa cha kusoma data anakuonyesha kwamba sensa imesikia injini ikigonga hata kama wewe dereva hukusikia kitu. Katika msimu huo mazungumzo ya ethanoli, yaani alkoholi inayochomwa kama mafuta, hurudi kwenye gereji za Mwenge, Sinza na Tegeta, hasa miongoni mwetu sisi tunaoendesha Subaru Forester na Impreza za tabo, Lancer Evolution, au Toyota zenye injini ya 1JZ-GTE. Mmoja atakuwa ameona video ya gari la Marekani linalotumia E85 (E ni ethanoli, na namba ni asilimia yake ndani ya petroli), mwingine atauliza kama spiriti ya dukani haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo, na mjadala utakwenda hadi jioni.

Naandika kwa sababu naamini ethanoli ni mafuta mazuri sana kwa injini ya tabo katika joto letu la pwani, mazuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini uzuri wake wote unategemea kujua kwa uhakika ni kiasi gani cha ethanoli kimo ndani ya tenki siku hiyo, na kwa hali ya Dar es Salaam jambo hilo ni gumu kuliko kubadilisha nozeli, pampu au programu ya injini.

Injini ya tabo hupata nguvu zake kwa kushindilia hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa ikibanwa hupata joto. Intakula hupunguza joto hilo, ila haiwezi kuipoza hewa hiyo kupita hewa ya nje inayopuliza juu yake. Na kwa Subaru zetu, ambazo intakula imekaa juu ya injini yenyewe, foleni ya Ubungo saa saba mchana inatosha kuifanya iongeze joto badala ya kulipunguza. Barabara inapofunguka na dereva akakanyaga, mchanganyiko wa hewa na petroli huingia kwenye silinda ukiwa tayari umechemka, na sehemu yake iliyo mbali na plagi inaweza kujilipukia kabla moto wa cheche haujaifikia. Huko ndiko kugonga. Okteni ni kipimo cha uwezo wa mafuta kuvumilia joto na presha bila kujilipukia hivyo. Kompyuta ikisikia injini inagonga huchelewesha cheche, na nguvu hupungua. Ikizidiwa, kinachovunjika mara nyingi kwenye EJ25, injini ya Subaru zetu, ni zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, na gharama ya kuifungua injini hiyo kila aliye nayo anaijua.

Ethanoli inaingia kazini mahali hapo hapo. Kwanza, okteni yake kwa kipimo cha RON ni takriban 108, wakati petroli nzuri ni 95. Pili, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi kwa mji wenye joto kama wetu, ethanoli hunyonya joto jingi inapogeuka mvuke: kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilojuli 350 ili igeuke mvuke, na kilo moja ya ethanoli huhitaji takriban 900. Tena, kwa kuwa petroli huchomwa kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, ilhali ethanoli huchomwa kwa kilo 9 tu za hewa, kiasi cha ethanoli kinachoingia pamoja na kila kilo ya hewa ni kikubwa zaidi. Ukizidisha hayo mawili unapata kwamba ethanoli inaweza kuiondolea hewa ile ile joto karibu mara nne ya linaloondolewa na petroli. Katika injini ambazo nozeli inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, ubaridi huo wote hupatikana panapohitajika. Katika injini za zamani, ambazo nozeli iko nje ya valvu, sehemu ya joto hilo hutolewa kwenye kuta za chuma badala ya kwenye hewa, kwa hiyo faida inapungua, ingawa haiishi.

Hapa kuna imani moja iliyoenea ambayo ningependa kuiondoa. Watu husema ethanoli "ina nguvu kuliko petroli". Haina. Lita moja ya petroli hubeba takriban megajuli 32 za nishati na lita moja ya ethanoli hubeba takriban 21, yaani pungufu kwa theluthi moja. Ukipima kwa kilo ya hewa, ambayo ndiyo inayoiwekea injini mpaka, nishati inayotolewa na mafuta hayo mawili inakaribiana kabisa. Nguvu za ziada zinatoka kwenye ruhusa ambayo ethanoli humpa fundi, kwamba sasa anaweza kuongeza presha ya tabo na kuwahisha cheche bila injini kugonga. Kwa hiyo mwenye IST au Premio isiyo na tabo, ambayo programu yake haijaguswa, akiweka ethanoli ataongeza ulaji wa mafuta na hatapata kitu cha maana. Ninasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimewasikia vijana wakishauriwa vinginevyo.

Kwa wanaotengeneza magari makubwa jambo hili limekwisha thibitika. Koenigsegg ya Uswidi ilipotoa CCXR mwaka 2007, gari lililojengwa juu ya CCX ya nguvu za farasi 806, ilifikisha nguvu 1,018 kwa E85. Jesko ya kampuni hiyo hiyo hutoa nguvu 1,280 kwa petroli na 1,600 kwa E85. Dodge Challenger SRT Demon 170 ya mwaka 2023 inatoa 1,025 kwa E85 na 900 kwa petroli ya kawaida ya Marekani yenye asilimia 10 ya ethanoli. Mbio za IndyCar zilianza kutumia ethanoli kama mafuta kamili mwaka 2007, NASCAR ikahamia E15 mwaka 2011, na Formula 1 ikaanza kutumia E10 mwaka 2022. Kwa Brazil hili si suala la mbio hata kidogo: mpango wao wa ethanoli ya miwa ulianza mwaka 1975, Fiat 147 ya ethanoli tupu ikaingia barabarani mwaka 1979, Volkswagen Gol inayokubali mchanganyiko wowote ikauzwa kuanzia 2003, na leo petroli ya kawaida ya nchi hiyo ina asilimia 30 ya ethanoli.

Kiwango hicho cha asilimia 30 kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu nadhani ndicho kinachomfaa mtu wa Dar es Salaam kuliko E85 anayoiota. Molekuli za ethanoli ni ndogo na nyepesi kuliko za petroli, hivyo lita moja ya ethanoli ina molekuli zaidi ya mara mbili ya zile zilizomo katika lita ya petroli. Ukichanganya asilimia 30 kwa ujazo, karibu nusu ya molekuli zilizomo kwenye tenki tayari ni za ethanoli, na tabia ya okteni hufuata hesabu ya molekuli kuliko hesabu ya lita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya faida hupatikana mapema, kisha kila asilimia inayoongezwa baadaye huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Gharama nazo ziko mbali sana: E30 inahitaji takriban asilimia 12 zaidi ya mafuta kwa ujazo, wakati E85 inahitaji asilimia 40 na ushei. Nozeli na pampu za gari lililoboreshwa kiasi zinaweza kuwa na nafasi ya kubeba hiyo 12. Hiyo 40 ni nozeli mpya, pampu mpya, na pengine hata bomba jipya la mafuta.

Hayo yote ni upande wa injini, na upande huo ningeweza kuutetea mbele ya fundi yeyote. Tatizo letu liko upande wa mafuta yenyewe.

Petroli ya Tanzania huagizwa kwa pamoja chini ya usimamizi wa PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji wa mafuta, EWURA hupanga bei kikomo kila mwezi, na hakuna sheli unayoweza kuingia ukajaza E85. Anayetaka ethanoli lazima aitafute mwenyewe na aichanganye mwenyewe. Nchi hii inalijua vizuri neno kuchakachua. EWURA ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli. Baada ya kazi yote hiyo ya kuhakikisha mafuta ya sheli yanaaminika, sisi wenyewe tunaingiza kwenye tenki kitu tusichokipima, tukiamini lebo ya dumu. Hilo linanisumbua kweli.

Tuanze na spiriti, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ethanoli ya asilimia 70, na inayobaki ni maji. Spiriti nyingine imetiwa methanoli ili isinyweke, na methanoli ni sumu kwa binadamu na hula aluminiamu kuliko ethanoli. Hata alkoholi safi ya viwandani, inayotengenezwa kwa molasi za viwanda vya sukari kama Kilombero, kwa kawaida ni ya asilimia 96 hivi, na hii si kwa uzembe wa mtu: ethanoli na maji vikifika takriban asilimia 95.6 za ethanoli kwa uzito, vinachemka pamoja kama kitu kimoja, na hakuna kuchemsha kwa kawaida kutakakovitenganisha. Ili kupata ethanoli kavu ya asilimia 99 na zaidi, kiwanda lazima kiipitishe kwenye chujio maalumu la molekuli linalonasa maji. Ethanoli hiyo kavu ndiyo inayochanganywa na petroli; ile ya asilimia 96 haikukusudiwa kazi hiyo.

Msomaji anaweza kuuliza mbona Wabrazili huendesha magari kwa ethanoli yenye maji karibu asilimia 5. Ni kweli, lakini wao huitumia peke yake, au huichanganya na petroli ambayo tayari ina ethanoli nyingi. Maji na ethanoli vinapatana, ethanoli na petroli vinapatana, ila maji na petroli havipatani, na vikikutana vyote vitatu kwenye tenki moja ethanoli inalazimika kuchagua. Katika E10, maji ya takriban nusu asilimia tu yanatosha kuifanya ethanoli iiache petroli na kushuka chini pamoja na maji. Jinsi ethanoli inavyozidi ndivyo mchanganyiko unavyovumilia maji zaidi, kwa hiyo E85 haisumbuliwi sana. Wanaoweka lita chache chache za alkoholi yenye maji kwenye tenki la petroli ndio walio hatarini zaidi. Na pampu hunyonya kutoka chini. Gari litavuta kwanza tabaka la maji na ethanoli, litatetemeka na kuzimika, kisha likifika kwenye petroli iliyobaki juu litakuwa linaendesha mafuta ya okteni ndogo kuliko programu yake inavyodhani, na presha ya tabo iko pale pale.

Unyevu wa hapa pwani unaongeza ugumu. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani, na dumu lililofunguliwa na kufungwa mara kwa mara Kigamboni au Mbezi Beach halitakaa kavu kama ambavyo lingekaa Dodoma. Ninayemfahamu vizuri katika kazi hii, fundi mtu mzima ambaye vijana wote humwita Mzee, hukataa kupokea ethanoli iliyokwisha funguliwa. "Mwanangu," aliniambia, "nitatyuni gari kwa mafuta ninayoyajua. Hayo ya dumu lako jana yalikuwa mafuta mengine, na kesho yatakuwa mafuta mengine." Namwona yuko sahihi, na tangu hapo sijawahi kuona sababu ya kumbishia.

Dawa ipo, na ni ya aina mbili. Ya kwanza haigharimu karibu chochote. Unachukua mrija wa kioo wenye alama, unaweka maji hadi alama ya 10, unajaza mafuta yako hadi 100, unaziba, unatikisa, unaacha vitulie. Maji yatainyang'anya petroli ethanoli yote, na tabaka la chini litakua. Likifika 37, basi sehemu 27 kati ya 90 za mafuta yako zilikuwa ethanoli, nayo ni asilimia 30. Si kipimo cha maabara, kwa kuwa maji na ethanoli vikichanganyika ujazo hupungua kidogo, lakini kitakutofautishia E30 na E15 bila shaka yoyote. Hata huko Marekani wenye magari haya hupima, kwa maana E85 ya pampu zao inaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83 kulingana na majira na eneo, na jina la pampu halibadiliki.

Dawa ya pili ni sensa ya ethanoli inayofungwa kwenye bomba la mafuta. Inapima namna mafuta yanavyohifadhi chaji ya umeme, ambapo ethanoli inaizidi petroli zaidi ya mara kumi, na kuipa kompyuta mawimbi yanayoanzia 50 kwa sekunde kwa petroli tupu hadi 150 kwa ethanoli tupu. Kompyuta iliyotyuniwa kuitumia huchagua yenyewe kiasi cha mafuta, taimingi na presha ya tabo kati ya ramani mbili za programu yake, ya petroli na ya ethanoli. Bila sensa hiyo, gari lenye programu ya E30 likijazwa petroli tupu linabaki na taimingi ya E30, na hapo kingo za pistoni nilizozitaja zinaingia hatarini. Makosa ya upande wa pili nayo ni mabaya: gari lenye programu ya petroli likipewa ethanoli nyingi, kompyuta huweza kujirekebisha kwa kusoma oksijeni ya moshi wakati wa mwendo wa taratibu, lakini dereva akikanyaga hadi mwisho injini nyingi huacha kusikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali, na mafuta yatakuwa pungufu wakati huo huo yanapohitajika zaidi. Nitasema wazi kwamba kwangu gari lisilo na sensa ya ethanoli halipaswi kuwa na ethanoli ya kuongeza nguvu, hata kama mwenyewe ni mwangalifu kiasi gani, kwa sababu siku moja gari litaendeshwa na mdogo wake.

Mengine ni ya kawaida ya gereji. Mipira ya mafuta ya zamani na ile isiyo na alama yoyote inayouzwa kwa mita pale Gerezani huvimba na kupasuka ikikaa na ethanoli, kwa hiyo itafutwe iliyoandikwa kwamba inavumilia alkoholi. Ethanoli husafisha tenki na kubeba uchafu wa miaka hadi kwenye filta, basi filta ibadilishwe baada ya matenki machache ya kwanza. Oili ya injini ibadilishwe mapema zaidi, hasa kwa gari la safari fupi za mjini ambalo injini haipati muda wa kuchemka na kufukuza maji na ethanoli vilivyopenya kwenye oili. Kuwaka asubuhi, tatizo linalowatesa watu wa nchi za baridi, hapa Dar es Salaam halipo kabisa. Anayepeleka gari lake Njombe au Makete mwezi Juni ndiye atakayelikumbuka. Na madumu yasihifadhiwe ndani ya nyumba: mwali wa ethanoli safi ni wa bluu hafifu, na mchana wa jua mtu anaweza asiuone kabla hajaukaribia.

Majirani wameshatembea sehemu ya njia hii. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya molasi kutoka Dwangwa kwenye petroli tangu 1982, kwa hiyo anayeendesha kutoka Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kasumulu anaweza kujaza mchanganyiko bila kufikiria. Kenya ilijaribu kwa ethanoli ya Muhoroni miaka ya 1980. Zimbabwe, iliyoanza na kiwanda cha Triangle mwaka 1980 na kupata kiwanda kikubwa cha Chisumbanje baadaye, huwalazimisha wauzaji kuchanganya, na kiwango chake kimekuwa kikipanda na kushuka kufuatana na upatikanaji wa ethanoli. Magari ya huko ni yale yale yaliyotumika Japani tunayoyaendesha sisi. Kwetu, kampuni ya Uswidi ya SEKAB ilikuwa na mpango mkubwa wa miwa ya ethanoli Bagamoyo, ukafa kabla pampu hata moja haijawekwa. Molasi tunazo na viwanda vinavyochemsha alkoholi tunavyo. Ninachotamani kukiona ni ethanoli kavu yenye kipimo cha TBS, shirika letu la viwango, ikauzwa kwa dumu lililofungwa na kuandikwa asilimia yake, hata kama ni kwa ajili ya magari ya mbio peke yake kwa kuanzia.

Hadi hapo, mwenye Forester au Evolution anayetaka kuanza ningemshauri atumie fedha zake kwa mpangilio huu: kwanza mipira na filta, kisha pampu, kisha sensa, na tyuni iwe ya mwisho, ikifanywa kwa ramani mbili na kupimwa kwanza kwa petroli tupu ya sheli anayoitumia kila siku. Ramani hiyo ya petroli isichukuliwe kama ya dharura tu. Akitoka Dar es Salaam na tenki la E30 kwenda Iringa, atajaza petroli Morogoro, atajaza tena Mikumi, na atakapoanza kupanda Kitonga sensa yake itakuwa inasoma asilimia chache tu. Mlimani pale, nyuma ya malori, gari litatakiwa kuvuta kwa petroli peke yake.